Samaki wa Mwaka Mzima kwa Saa 24

Wanangu, mbali kaskazini, katika pwani ya Alaska ambako maji ya bahari yana baridi ya kuua, yuko samaki aitwaye halibati. Ni wa ukoo wa gayogayo: bapa, hulala ubavu, macho yote mawili upande wa juu. Anapoanguliwa huogelea wima kama samaki wengine, jicho moja huku na jingine kule. Kisha, angali mdogo sana, jicho la kushoto huanza kuhama, likavuka paji la uso na kukaa jirani na mwenzake. Gayogayo wetu hutosha sahani. Halibati jike aweza kupita kilo 200, na wamepatikana walioishi zaidi ya miaka 50. Nyama yake ni nyeupe, imara, na wanunuzi huilipia vizuri.

Samaki wa thamani hiyo huisha upesi. Kwa hiyo mwaka 1923 Marekani na Kanada zilitia saini mkataba na kuunda tume ya pamoja ya kumlinda. Wataalamu wake hutoa kijiwe kidogo kilichomo kichwani mwa samaki, wakahesabu pete zake, na hapo hujua umri wake. Kila mwaka tume hutangaza kiasi kinachoweza kuvuliwa. Siku zile, kikitimia, bahari ilifungwa.

Ni kazi njema, ila ilibakiza shimo moja. Kilitajwa kiasi cha samaki, haikutajwa ni wa nani. Chukueni watoto wanane wanaokula sinia moja la pilau. Mama amepika ya kuwatosha, lakini hakuna aliyekatiwa upande wake. Anayetafuna taratibu atalala njaa, basi hata mpole hujifunza kufakamia. Mkono unakwenda mbio, koo linaungua, na wali haujaongezeka hata punje.

Wavuvi wa Alaska walifika hapohapo. Mmoja alinunua boti kubwa zaidi ili awahi. Mwenzake akaongeza ndoana. Wa tatu akaongeza vyote viwili. Kiasi cha mwaka kikawa kinatimia mapema zaidi, na tume ikafupisha msimu. Msimu ulipofupishwa, kila mtu akaona lazima awe na boti yenye nguvu zaidi. Miaka ya 1970 msimu ulikuwa bado wa wiki nyingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, maeneo makubwa ya uvuvi yalifunguliwa mara mbili au tatu tu kwa mwaka, na aghalabu kwa saa 24.

Hebu ioneni siku yenyewe. Maelfu ya boti yanangoja saa ya kufunguliwa. Ikigonga, mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, ile ambayo huku kwetu huitwa dhulumati, inamwagwa majini. Mishipi inapishana, inasokotana, mingine inakatwa na kuachwa huko chini ikiwa na samaki walionasa, wakifa bila faida kwa yeyote. Hakuna anayelala. Na dhoruba ikiangukia siku hiyohiyo? Walikwenda vilevile, maana aliyebaki bandarini alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya mapato yake ya mwaka. Wapo ambao hawakurudi. Kisha samaki wote walishuka bandarini kwa pamoja, viwanda vikazidiwa, bei ikaanguka, na karibu wote wakagandishwa. Mpishi wa mjini aliyetaka halibati mbichi alimpata kwa siku chache tu katika mwaka.

Mimi siwaiti watu hawa walafi. Kila mmoja alifanya lililokuwa na akili kwake, kwa sababu sheria ilimlipa mwenye haraka.

Mwaka 1995 sheria ikabadilika. Kila mwenye boti aliyekuwa amevua katika miaka iliyochaguliwa alipewa fungu lake la halibati. Fungu hilo angeweza kulivua siku yoyote ndani ya msimu wa karibu miezi 8, au kuliuza. Mbio zikakoma. Upepo ukichafuka, mvuvi alisubiri, kwa sababu samaki wake hawakuwa wakichukuliwa na mtu. Boti zikapungua, gharama zikapungua, halibati mbichi wakawa sokoni kwa miezi mingi, na mvuvi akalipwa zaidi kwa kilo ileile.

Lakini kuna mvuvi mwingine, yule anayevua kwa furaha. Watu husafiri kutoka mbali, wakalipa mamia ya dola kupanda boti ya kukodi kwa siku moja, ili wavute halibati mmoja au wawili kwa mikono yao. Pesa hizo huwafikia nahodha, mwenye hoteli na muuza chambo. Je, samaki yule aende sokoni au kwa mgeni? Watu waligombana kwa miaka mingi. Tangu 2014, kiasi kinachoruhusiwa hugawanywa kati ya wavuvi wa biashara na boti za wageni kwa kanuni inayojulikana mapema. Nahodha mwenye mgeni anayetaka samaki zaidi ya idadi anayoruhusiwa anaweza kukodi sehemu ya fungu la mvuvi wa biashara. Napenda mpango huu: mwenye fungu hupima mwenyewe kama samaki wake ana thamani zaidi sokoni au kwenye ndoana ya mgeni, wala hakuna anayenyang'anywa.

Jambo linaloniuma ni la mwanzo kabisa. Mafungu walipewa wenye boti. Mabaharia waliokesha sitahani wakivuta mishipi ileile hawakupewa kitu. Na kwa kuwa fungu linauzwa, wavuvi wa vijiji vidogo, vingi vikiwa vya wenyeji wa asili wa pwani ile, waliuza walipobanwa na shida. Pesa ilitumika ikaisha, na watoto wao wakabaki wakitazama bahari ambayo babu zao waliivua, wasiwe na haki ya kuuza samaki wake. Sheria haikuwasahau moja kwa moja. Mwaka 2004 vijiji viliruhusiwa kuunda vyama na kununua mafungu kwa niaba ya watu wake. Lakini kufikia wakati huo fungu lilikuwa mali ya bei kali, na vyama vilivyopata mkopo wa kulinunua vilikuwa vichache.