Mlingoti wa Ziada wa Windsor

Tarehe 6 Mei 1935, Mfalme George V wa Uingereza alitimiza miaka 25 ya utawala. London ilijaa shamrashamra, lakini wengi waliokuwa chini ya himaya yake jubilei iliwafikia kwa posta, kwenye kipande cha karatasi chenye gundi nyuma.

Makoloni zaidi ya 40 yalipewa stempu zenye mchoro mmoja: kichwa cha mfalme na kasri la Windsor. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata zao za pamoja, za senti 20, 30 na 65, na ya shilingi 1. Kazi hiyo waligawana wachapaji watatu wa Uingereza: De La Rue, Waterlow na Bradbury Wilkinson.

Uchapaji wenyewe ulitaka utulivu. Fundi huchonga picha kwenye chuma, mistari myembamba kama unywele, kisha picha hiyo hunakiliwa mara nyingi juu ya bamba moja. Bamba hupakwa wino na kupanguswa, wino ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi ikikandamizwa kwa nguvu, huunyonya. Kwa kuwa kasri lilikuwa na rangi yake na fremu rangi yake, ilibidi kuchapa mara mbili. Mkwaruzo mmoja ukiingia kwenye bamba, hutokea kwenye kila karatasi, mahali palepale.

Ndivyo ilivyotokea Bradbury Wilkinson. Kwenye stempu ya kwanza ya safu ya tisa, kasri lina mlingoti wa pili wa bendera, mwembamba, ambao Windsor haukuwahi kuwapo. Mabamba ya De La Rue nayo yana kasoro zake; mojawapo ni alama angani inayofanana na tiara. Wakusanyaji huzitafuta kwa kioo cha kukuzia na kuzilipia pesa nyingi, na wana haki: hakuna jina la fundi kwenye stempu hizo, ila alama ya mkono wake imebaki.

Stempu za Uingereza yenyewe zilichapwa na Harrison & Sons. Huko, karatasi chache za majaribio, zenye buluu tofauti na iliyokubaliwa, zilichanganyika na nyingine zikauzwa katika posta ya Edmonton, London. Leo ni miongoni mwa stempu adimu za enzi hiyo.

Zanzibar haikuwa kwenye orodha ya Windsor. Ilitoa zake mwaka uliofuata, 1936, zenye picha ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetimiza miaka 25 kwenye kiti chake mwezi Desemba.