Seli Inayoshiba Kwanza

Kinyozi mmoja wa Babati mjini anauliza. Betri yake ya sola, ya lithiamu, iliyoandikwa LiFePO4 ubavuni, huzima ghafla saa mbili usiku mashine ikiwa kichwani mwa mteja. Jioni hiyohiyo mita ilikuwa imesoma volti 13. Ikishazima, mita inasoma sifuri. Ameambiwa imekufa, anunue nyingine. Je, ni kweli?

Haijakufa, imefungiwa. Ndani ya boksi lile mna seli nne zilizoungwa kwa mfululizo, na juu yake bodi ndogo ambayo mafundi wanaiita BMS. Bodi hiyo ina transista zinazosimama njiani kama mlango wa umeme. Seli moja ikishuka hadi volti 2.5 hivi, mlango unafungwa. Mita yako inapima nje ya mlango, ndiyo maana inaona sifuri. Chaja nyingine nazo hutafuta volti kabla ya kuanza kazi, zisipoiona, hazichaji. Betri nzima kabisa zinatupwa kwa sababu hiyo.

Jinsi paneli inavyozalisha umeme naiacha, imeshaandikwa sana. Nataka tukae kwenye hizo seli nne.

Kemia ya seli hizo ilichapishwa mwaka 1997 na timu ya John Goodenough wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Ni chuma, lithiamu na fosfati. Fosfati wilaya ya Babati inaijua vizuri: mgodi wa Minjingu, kwenye barabara ya kwenda Arusha, unachimba fosfati iliyotokana na mifupa ya ndege wa ziwa la kale, wengi wao wakiwa minandi, na kuitengeneza mbolea. Sisemi ya Minjingu inaingia kwenye betri. Ila ni familia ileile: atomu moja ya fosforasi imezishika oksijeni nne kwa nguvu, na kwa kuwa oksijeni haiachiliwi kirahisi, betri hii haiwaki upesi kama ndugu zake wenye kobalti. Fyuzi bado inahitajika.

Sasa utamu wenyewe. Lithiamu inapotoka kwenye unga wa fosfati hiyo ulio ndani ya seli wakati wa kuchaji, haipungui sawasawa kila mahali. Unga unagawanyika pande mbili, wenye lithiamu na usio nayo, na kinachosogea ni mpaka kati yao. Maadamu pande zote mbili bado zipo, volti inabaki palepale, 3.2 au 3.3, betri iwe imebakiza robo ama robo tatu. Upande mmoja ukiisha, volti inaruka juu au inaporomoka, na kwa haraka. Kwa hiyo zile volti 13 za jioni hazikumwambia kinyozi karibu chochote. Zingeweza kusomeka hivyo mchana, na zingeweza kusomeka hivyo muda mfupi kabla ya betri kuzima.

Tatizo la mbunifu wa BMS linaanzia hapo. Fikiria maksai wanne wa kulimia, wamefungwa nira na mnyororo mmoja. Mmoja akichoka, jembe linasimama, hata kama watatu wana nguvu za kumaliza shamba. Wapeleke mtoni bila kuwafungua: wa kwanza kushiba anainua kichwa na kugeuka, na kwa kuwa nira ni moja, wote wanaondoka, wengine wakiwa na kiu. Kesho yule mwenye kiu atachoka mapema zaidi, na jembe litasimama mapema zaidi. Ukiwatazama katikati ya shamba huwezi kujua nani amekunywa nini, wote wanatembea mwendo mmoja. Dawa si kumlazimisha mwenye kiu anywe haraka. Dawa ni kumzungusha kidogo aliyeshiba hadi apate kiu, ndipo wote wainamishe vichwa tena.

Kwenye bodi, kuzungushwa huko kunafanywa na rezista. Seli ikikaribia volti 3.65, swichi ndogo inaiunganisha na rezista yake na umeme wa ziada unageuka joto. Chaji inasimama, seli inashuka, chaji inarudi, seli za nyuma zinapata kidogo, na mzunguko unaanza upya. Vitabu vinaita kazi hii kusawazisha. Mimi naiita kusubirishana, maana hakuna seli inayopewa cha mwenzake. Aliyetangulia anacheleweshwa tu.

Piga hesabu. Volti 3.6 kwa rezista ya omu 36 ni ampea 0.1. Kama seli iliyotangulia imewazidi wenzake kwa ampea-saa 4, kusubirishana kutachukua saa 40. Na hizo ni saa za kileleni tu, yaani betri inapokaribia kujaa, maana chini ya volti 3.4 hivi bodi haiwezi kujua nani yuko mbele. Ikijaribu huko kwenye tambarare, volti inapobaki palepale, itamchelewesha asiyestahili. Betri ikikaa kileleni kwa saa moja tu kila siku, ni siku 40. Kwenye kibanda kinachonyoa na kuchaji simu za watu tangu asubuhi, kileleni hakufikiwi kabisa. Nadhani hapo ndipo betri ya kinyozi wetu ilipopotezea usawa wa seli zake.

Ningekuwa nabuni bodi ya vibanda vya namna hii, ningeanza kusubirisha kwenye volti 3.4 badala ya kungoja 3.6, kwa sharti kwamba chaji inaingia. Rezista ningeweka ya omu 18, ampea 0.2, joto la wati 0.7 hivi kwa kila seli, mbali na sensa ya joto isije ikaidanganya.

Kinyozi naye achague siku anazofunga. Asiunganishe simu wala mashine, aiache paneli iijaze betri mpaka chaja ifike volti 14.2 au 14.4 na kukaa hapo, na arudie kwa wiki kadhaa. Ikiendelea kuzima saa ileile, fundi aifungue na kupima seli moja moja taa zikiwa zinawaka. Ikiwa tatu zinasoma 3.2 na moja inakimbilia 2.5, hiyo moja ndiyo ya kubadilishwa, kwa nyingine ya ukubwa uleule.