Krismasi ya Mjini: Baada ya Ibada, Vijana Wetu Wanakwenda Wapi?



Kila ifikapo Novemba, kamati za sharika zetu hukaa kupanga sikukuu ya Krismasi. Ajenda huwa zile zile: kwaya, mapambo, ulinzi wa magari, sadaka na zawadi za watumishi. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, ratiba zetu nyingi huishia saa 6 mchana wa tarehe 25 Desemba. Mlinzi hufunga geti, na ratiba ya jiji ndiyo kwanza inaanza.

Baadhi ya wafadhili na wazee wa kanisa wameuliza kwa nini bajeti ya kazi za vijana ina fungu la shughuli za usiku wakati wa sikukuu. Makala haya yanajibu swali hilo kwa kueleza burudani za Krismasi zinavyokwenda jijini Dar es Salaam, nani anazihudumia, hatari ziko wapi na usharika unaweza kufanya nini.

Nani anabaki mjini

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Wengi wana kwao kwingine. Desemba inapofika, mabasi hujaa watu wanaokwenda Moshi, Rombo, Same, Bukoba, Iringa na Mbeya kula sikukuu na wazazi. Washarika wetu wengi wamo katika msafara huo, wakiwemo wazee wa kanisa, walimu wa Shule ya Jumapili na viongozi wa jumuiya. Katika wiki ambayo vijana wana nafasi na fedha kidogo mfukoni, watu wazima wanaowajua kwa majina huwa hawapo.

Wanaobaki ni wale ambao nauli imewashinda au kazi haiwaruhusu: dada wa kazi za ndani, madereva wa bodaboda na bajaji, machinga, walinzi, wanafunzi wa vyuo, na wahudumu wa baa na hoteli. Wengi wao hawana shangazi wala mjomba wa kuwaalika pilau. Kwao, sikukuu ni mahali utakapokwenda. Mwaka ambao tarehe 25 inaangukia Ijumaa, kama ilivyokuwa 2020, sikukuu mbili huungana na Jumapili, na jiji hukesha siku tatu mfululizo.

Alasiri ni ya watoto

Burudani ya kwanza huanza baada ya chakula cha mchana. Watoto wenye nguo mpya huelekea Coco Beach kule Oysterbay, kwenye viwanja vyenye bembea na kumbi za mitaani. Coco Beach haina kiingilio, ndiyo maana hujaa. Kuna mihogo ya kukaanga, mishikaki, ukwaju wa baridi na maji ya kuogelea. Watoto hutumwa wakiwa kundi, mkubwa wao akiwa na miaka 12 au 13, na huyo ndiye "mlezi". Giza likiingia, kundi hutawanyika.

Hatuna haja ya kubuni hatari ili kuwatisha wazazi. Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa disko toto uliofurika kupita kiasi. Baada ya msiba huo disko toto zilipigwa marufuku, na polisi wamekuwa wakirudia katazo hilo sikukuu zinapokaribia. Msiba ule ulitokea mchana na si usiku, mahali ambapo wazazi waliamini watoto wao wako salama. Sababu yake haikuwa muziki. Watoto walikuwa wengi kuliko nafasi iliyokuwepo, na watu wazima wa kuwaangalia walikuwa wachache. Kosa la namna hiyo linaweza kutokea hata katika sherehe ya kanisa, tusipohesabu watoto na kuacha milango wazi.

Jioni hadi usiku wa manane

Jua likizama, wenyeji wa burudani hubadilika. Sinza, Kinondoni, Tabata na Mbagala, meza za plastiki hutoka hadi pembeni ya barabara. Moshi wa nyama choma na kitimoto hutanda. Wazee wetu wanakumbuka Krismasi za muziki wa dansi, enzi za ushindani wa Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park "Sikinde" iliyoanzishwa mwaka 1978. Siku hizi dansi inagawana wateja na taarabu, Bongo Fleva na madijei.

Ni vema kamati zielewe biashara hii inavyojiendesha. Baa nyingi huweka kiingilio kidogo au hazitozi kabisa, kwa sababu gharama ya wanamuziki hurudi kupitia vinywaji. Kwa hiyo faida inategemea mteja akae muda mrefu na anywe zaidi. Muziki, matangazo ya zawadi na ofa za bia zimepangwa kwa lengo hilo. Kijana aliyekwenda "kusikiliza muziki tu" na shilingi 10,000 hujikuta saa 8 usiku hana nauli. Pombe kali za bei ndogo nazo zipo. Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini chupa ndogo zimechukua nafasi yake.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inawapa wenye baa na kumbi za disko wajibu wa kuhakikisha mtoto haingii humo. Vile vile inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mzee wa kanisa anayemiliki baa au nyumba ya wageni, na tunao, asome kifungu hicho kabla ya Desemba.

Wanaofanya kazi wengine wakila sikukuu

Tunapozungumzia baa, huwa tunawafikiria wanywaji na kumsahau anayebeba sinia. Wahudumu wengi ni wasichana waliotoka mikoani. Mishahara yao ni midogo na hutegemea bakshishi, na mara nyingi mteja akiondoka bila kulipa, deni huwa lao. Mwenye baa akifunga saa 9 usiku, dada huyu hana daladala. Anachagua kati ya kulala juu ya meza hadi kupambazuke, kupanda bodaboda ya mtu asiyemfahamu, au kukubali "lifti" ya mteja aliyelewa. Hapo ndipo ubakaji, mimba na maambukizi ya VVU vinapompata mtu ambaye hakwenda kustarehe hata kidogo.

Wapo wengine: mlinzi wa kampuni, mkaanga chipsi, dereva wa bodaboda, muuguzi wa zamu, askari. Baadhi ni washarika wetu, na hukosa ibada ya mkesha na ya asubuhi. Injili ya Luka sura ya 2 inatueleza kwamba habari za kuzaliwa kwa Yesu ziliwafikia kwanza wachungaji waliokuwa zamu ya usiku kondeni. Ni vigumu kuihubiri sura hiyo kila mwaka na kuwasahau walio zamu usiku ule ule.

Safari ya kurudi

Ajali ni hatari nyingine kubwa. Kisheria, dereva haruhusiwi kuendesha akiwa na zaidi ya miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kati ya saa 7 usiku na alfajiri, barabarani kuna madereva waliolewa, bodaboda zilizobeba abiria wawili au watatu bila kofia, na watembea kwa miguu katika mitaa isiyo na taa. Kumshauri kijana asinywe ni kazi yetu. Kumsaidia apange mapema atarudije nyumbani, na nani, nayo ni kazi yetu, kwani si kila kijana atatusikia katika lile la kwanza.

Usharika ufanye nini

Hatupendekezi kushindana na baa kwa spika. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zinatuhusu sisi pia, na majirani zetu si wote Wakristo. Tunapendekeza mambo manne:

1. Geti libaki wazi alasiri ya tarehe 25. Kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni kuwe na michezo ya watoto ndani ya uzio. Kila mtoto aandikwe jina na simu ya mzazi anapoingia, na akabidhiwe kwa mtu mzima anayejulikana anapotoka.

2. Chakula cha jioni cha vijana. Wageni wa kwanza wawe wasio na ndugu mjini: dada wa kazi, wanachuo, bodaboda wa kijiwe cha jirani. Kwaya ya vijana na mashindano ya ngonjera yanatosha. Waajiri washarika wawape dada wa kazi ruhusa.

3. Chumba cha alfajiri. Kuanzia saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi, chumba kimoja kiwe na taa, chai, viti na walezi wawili, mwanamke na mwanamume. Mtu wa zamu asubiri hapo usafiri bila kuulizwa dhehebu wala alikotoka. Ukutani kuwe na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto na simu ya Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi cha karibu.

4. Zamu ya wazee. Wasafiri wote wasiondoke kwa pamoja. Kila usharika uwe na wazee wanne wanaobaki mjini mwaka huu, nao wapumzike mwaka ujao.

Kwa wafadhili wetu: fungu la usiku mlilouliza ni chai, posho ya walezi, taa, mlinzi wa ziada na nauli za dharura. Hakuna jengo jipya wala vyombo vya muziki. Majengo tunayo tayari, na usiku huo huwa yamefungwa.

Kamati ziwasilishe majina ya walezi na ya wazee wa zamu ofisi ya Dayosisi kabla ya mwisho wa Novemba, ili mafunzo ya siku moja ya usalama wa mtoto yafanyike kabla watu hawajaanza kusafiri. Usharika usioweza mambo yote manne uanze na la kwanza.