Je, Wajua? "Purple Rain" Ilinaswa Klabuni

Tarehe 3 Agosti 1983, mwanamuziki Prince alipanda jukwaani katika klabu ya First Avenue, Minneapolis, kuchangisha fedha za kikundi cha densi. Nje liliegeshwa gari la kurekodia. Watu walijiona wamekuja kustarehe tu. Kumbe sauti iliyonaswa usiku ule ndiyo msingi wa wimbo uliobeba jina la filamu nzima. Baadaye ubeti mmoja ulikatwa, vinanda vikaongezwa. Mpiga gitaa Wendy Melvoin, mwenye miaka 19, ndiyo kwanza alikuwa akipanda jukwaani na bendi ya Prince.

Filamu ilitoka Julai 1984. Mhusika wake mkuu, kijana asiyepewa jina zaidi ya Kid, ana kipaji kikubwa na nyumba isiyokalika: baba, mwanamuziki aliyekwama, humpiga mama. Mwana naye anaanza kuinua mkono dhidi ya mpenzi wake. Hapo filamu inauma kuliko magitaa yake yote.

Albamu ya nyimbo za filamu hiyo ilikaa kileleni Marekani wiki 24, na Prince akatwaa Oscar.

Lakini wimbo wake mmoja, "Darling Nikki", ulimkera kwa maneno yake ya ngono Tipper Gore, mke wa seneta, alipousikia kwenye albamu hiyo aliyomnunulia bintiye. Kampeni aliyoianzisha na wenzake ndiyo iliyozaa vibandiko vya onyo kwenye kanda na santuri.