Muhuri wa Kilosa katika soko la stempu za kale

Bahasha kuukuu yenye muhuri wa KILOSSA, kwa tahajia ya Kijerumani yenye S mbili, ina wanunuzi wake maalumu. Wengi wako Ujerumani, Uingereza na Marekani, na hawajali sana habari za barua iliyomo ndani. Wanachokitaka ni ushahidi kwamba stempu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari, ilipita kweli mikononi mwa karani wa posta ya Kilosa kabla majeshi ya Waingereza hayajauteka mji huo Agosti 1916. Stempu hiyohiyo ikiwa na muhuri wa Dar es Salaam huwa na bei ndogo zaidi, kwa sababu Dar es Salaam ilituma barua nyingi na Kilosa ilituma chache.

Uchache wa namna hiyo ndio mtaji wa biashara yote ya vitu vya kukusanya. Wamarekani wanaujua vizuri kupitia kadi za wachezaji wa besiboli. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitia kadi ndani ya pakiti za sigara. Mojawapo, ya mchezaji Honus Wagner, iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Mwaka huohuo kadi ya Mickey Mantle ya 1952, iliyotolewa na Topps, kampuni ya Brooklyn iliyoanza 1938 na kujulikana kwa bazoka, yaani ubani wa kutafuna, ilifika dola milioni 12.6. Kadi nyingi za 1952 zilikosa wateja, na baadaye Topps ikazitupa baharini. Zilizobaki ndizo zinazogombaniwa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni zilichapa kadi bila kipimo, watu wakazihifadhi kwa matumaini ya utajiri, na hadi sasa nyingi hazina thamani yoyote ya maana.

Sisi hatukuwa na kadi za sigara. Tulikuwa na stempu, na historia yake inafuata njia ileile.

Mkoa wa Morogoro una kisa ambacho ningependa kila mtoto wa shule ya Kilosa akijue. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya bahari, posta za koloni la Wajerumani zilianza kuishiwa stempu. Mapema 1916 matbaa ya wamisionari huko Vuga, katika milima ya Usambara, ilichapa stempu za dharura za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijaanza kazi, meli iitwayo Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza mwezi Machi na kuleta shehena iliyokuwa pia na stempu kutoka Ujerumani. Za Vuga zikabaki hazina kazi. Waingereza waliposonga mbele, zikafukiwa ardhini Morogoro zisiangukie mikononi mwao. Vita vilipokwisha zilifukuliwa, zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa kwa wakusanyaji. Wakusanyaji wa leo huziita stempu za Wuga. Zilichapwa kwetu na kufukiwa kwetu, lakini faida yote ilivunwa Ulaya, na hakuna aliyevunja sheria. Waliofaidika ni wale waliojua kwamba karatasi hiyo ni mali.

Kisiwa cha Mafia kina mfano mwingine. Waingereza walipokiteka Januari 1915 walizigonga stempu za Kijerumani jina MAFIA, na leo hizo zinatamaniwa mno, kiasi kwamba za bandia zimejaa sokoni. Hali ni hiyohiyo kwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyofuliwa Tabora 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, yenye picha ya tembo. Mnunuzi makini hatoi fedha kabla ya kuona hati ya mtaalamu, na hati hizo hutolewa ng'ambo, kwa mfano na wataalamu wa Royal Philatelic Society ya London, chama cha tangu 1869. Mnada nao hukata kamisheni kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Kwa hiyo katika kila hatua ya mnyororo huu, kukagua, kuthibitisha, kuorodhesha bei na kunadi, kuna mtu anayelipwa, na ni nadra mtu huyo kuwa Mtanzania.

Baada ya Uhuru tulipata nafasi yetu. Stempu za samaki za 1967 na za vipepeo za 1973 ni kazi nzuri zilizobandikwa kwenye barua za kweli, enzi ambazo Tanzania, Kenya na Uganda bado zilikuwa na posta moja. Mwaka 1976 reli ya TAZARA, inayokutana na tawi la reli ya Kilosa na Mikumi pale Kidatu, nayo ilipewa stempu yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikashika njia yake.

Kisha miaka ya 1980 Tanzania iliingia katika utaratibu wa mawakala wa nje, hasa wa New York. Wakala hubuni stempu, huzichapisha, huzisambaza kwa wakusanyaji duniani, na nchi hupata mgawo. Ndipo zikaja treni za mvuke mwaka 1985, dinosaria mwaka 1991, na wasanii wa Marekani katikati yake. Nyingi ziliuzwa ng'ambo zikiwa zimekwisha kugongwa muhuri bila kubandikwa kwenye barua yoyote. Kwa hesabu ya siku ile lilikuwa jambo la busara, maana nchi ilihitaji fedha za kigeni. Kwa hesabu ya miaka thelathini ilikuwa hasara, kwa sababu jina la Tanzania lilijaa kwenye pakiti za bei rahisi za watoto wanaoanza kukusanya, yaleyale yaliyozikuta kadi za besiboli.

Hata hivyo ndani ya wingi huo kuna uchache uliojificha. Stempu ya dinosaria isiyotumika haina bei. Lakini barua ya 1991 iliyotumwa kweli kutoka Mikumi kwenda nje, ikiwa na stempu hiyo, nauli sahihi na muhuri unaosomeka, ni adimu, na wapo wakusanyaji wanaozitafuta barua za aina hiyo tu. Fikiria nani aliandika barua katika ukanda huu: mashamba ya mkonge ya Kimamba, kiwanda cha sukari cha Kilombero kando ya Ruaha Mkuu, mafundi wa bwawa la Kidatu, watalii wa Hifadhi ya Mikumi tangu 1964. Simu za mkononi zimeua uandishi huo, na kile kilichokwisha kuandikwa hakitaongezeka tena.

Shirika la Posta, linalojitegemea tangu 1994, linaweza kuifufua biashara hii bila mtaji mkubwa. Litoe toleo moja dogo la Mikumi na Ruaha, litangaze idadi kabla ya kuchapa na kuiheshimu, liuze kwanza kwenye kaunta za Kilosa na Mikumi, na litumie muhuri wa mahali penyewe. Mtalii anayesimama Mikumi akielekea Iringa angenunua, na fedha ingebaki wilayani.

Na wewe uliyerithi sanduku la barua za babu, Kilosa, Kidodi au Ruaha: usiikate stempu kutoka kwenye bahasha, usiioshe, na usiiguse kwa gundi wala selotepu, maana bahasha nzima ndiyo yenye thamani. Ihifadhi pakavu, mbali na mchwa na jua. Piga picha pande zote mbili, na usikubali bei ya mnunuzi wa kwanza kabla hujasikia ya wa pili.