Waziri Akiboeka na Ukweli, PS Afanye Nini? Wacha Tukuchanue

Waziri akiharibu, mtandaoni sisi humrukia yeye pekee. Lakini kuna msee huwa nyuma yake kabla kamera ziwashwe: Katibu wa Wizara, yule tunaita PS. Kazi yake si kusema "sawa mheshimiwa" kutwa nzima.

Ni hivi. Waziri anaamua sera. PS anaendesha wizara na kujibu maswali ya doh. Ndio maana kamati ya Bunge ya PAC ikikagua hesabu, humwita PS aeleze ganji ilienda wapi. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 226, inasema mtu wa serikali akiagiza au kuidhinisha pesa zitumike kinyume cha sheria, anailipa hiyo hasara, hata kama alishatoka ofisini. Hata mwanasiasa hajaachwa.

Sasa ushauri wa maana unakaa aje?

1. Uje mapema. Kumwambia mkubwa tenda ina shida wakati mkataba ushasainiwa si ushauri, hiyo ni rambirambi.

2. Uje wote. Mpe njia zote, bei ya kila moja na hatari zake. Ukificha ile mbaya ndio usimuudhi, umemchomea.

3. Uwe kwa karatasi. Maneno ya kwa korido hayana shahidi. Barua yenye tarehe inabaki kwa faili hata wote mkihama.

Waziri akikataa ushauri wako lakini anachotaka ni halali, fanya kazi yake poa, yeye ndiye bosi. Akitaka kitu haramu, hapo unakataa.

Na ukifutwa je? Kifungu cha 236 kinakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa kufanya kazi yake kisheria. Lakini tusidanganyane, kusema ukweli kuna bei. John Githongo aliteuliwa PS wa kupigana na ufisadi 2003, akamweleza Rais Kibaki kuhusu Anglo Leasing. Februari 2005 alijiuzulu akiwa London. Rekodi alizoweka ndizo zilifanya stori isizikwe: mapema 2006 Waziri wa Fedha David Mwiraria aliachia kiti, huku akikanusha madai.

Kwa hivyo ukiona PS akitoa jasho mbele ya PAC, usicheke tu. Jiulize: alimwambia waziri nini, lini, na barua iko wapi? Hiyo doh ni yako.