Safari ya Pole Katika Nchi Pana

Sisi watu wa Nyanga, pamoja na wenzetu wote wa Bukoba na Muleba, tunakaa pembeni mwa nchi. Mbele yetu ni ziwa, nyuma yetu migomba, na pwani iko mbali. Kwa hiyo safari kwetu si jambo geni: wako waendao masomoni, wako waendao harusini, na wako waitwao na msiba. Lakini siku hizi aendaye Dar es Salaam hupenda kufika upesi tu. Husinzia ndani ya basi, au hupanda ndege, akashuka pwani bila ya kukijua hata kijiji kimoja cha njiani. Kufika amefika, lakini nchi hakuiona.

Watu wa kale hawakuwa na njia ya mkato. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwa miguu, ikapumzika Tabora, kisha ikaja Karagwe, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo mahali paitwapo Kafuro. Na wengine wakaendelea hadi Buganda. Mwendo ule ulikuwa wa miezi. Hatusemi kuwa yote yaliyopita humo yalikuwa mema, kwani pamoja na nguo na pembe walipitishwa pia watumwa. Lakini kwa njia hiyo Kiswahili kilienea bara, na dini yetu pia. Yafaa vijana waijue.

Nchi yetu ina kilomita za mraba zaidi ya 940,000 na makabila zaidi ya 120. Basi mwenye nafasi na aende kwa pole. Apande meli jioni Bukoba, na asubuhi atayaona mawe makubwa ya Mwanza yamesimama majini. Akae hapo siku mbili awajue Wasukuma. Kisha aifuate reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hadi Tabora, inapokutana na ile ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ashuke Tabora aone miembe ya zamani, aonje asali ya misitu ya miyombo. Dodoma atakuta zabibu, na zeze za Wagogo. Kutoka hapo treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, itamfikisha pwani kwa saa chache.

Raha ya safari si wingi wa fedha. Ni kuondoka mapema, kuchukua mzigo mwepesi na chakula cha nyumbani, na kuwa na kahawa yetu ya kutafuna ya kumkaribishia jirani wa kiti. Na Mola wetu amemhurumia msafiri, hata sala za rakaa nne akazisali mbili.

Haraka ina hasara kubwa zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Chombo kilichojaa kiachwe kiende. Kesho kipo kingine.

Huenda mtu akasema: Je, Mtume (s.a.w.) hakutufunza kuwa safari ni taabu, na kwamba msafiri akishatimiza haja yake arejee upesi kwa watu wake? Naam, ametufunza. Lakini kujuana nako ni haja. Qurani yatufahamisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, wala si ili tudharauliane.

Basi enyi wazazi, likizo ijapo, mwenye uwezo na asafiri na mwanawe kwa njia hii, japo mara moja. Mtoto aliyekaribishwa ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwa Mgogo, akala akashiba, hatamcheka Mgogo shuleni. Na huyo ndiye tumtakaye airithi nchi hii.

Wabillahi taufiki.